Lipu ya saruji inabanduka kwenye kanisa la mawe la zamani, Dar. Tupige nyingine?

Kamati_Ujenzi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua majengo ya zamani. Kanisa ni la enzi ya Wajerumani, katikati ya Dar, karibu na bahari. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi. Kwa nje lilishapigwa lipu ya saruji, na sasa lipu hiyo imevimba kuanzia chini mpaka kimo cha kifua; ukiigonga inalia kama debe tupu. Ndani rangi ya mafuta inapukutika, na kila asubuhi kuna unga mweupe sakafuni kando ya ukuta.

Mkandarasi anataka kubandua yote, kufunga wavu wa waya, kupiga saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji, kisha rangi ya mafuta. Je, itadumu? Na kama ni chokaa, vipimo vikoje?

KutaNene

Asianze kwanza. Unga huo ni chumvi, na hiyo saruji ndiyo iliyouleta.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunywa maji kutoka ardhini na kuyatolea usoni. Lipu ya chokaa huyapitisha, saruji huyazuia. Maji yakikosa pa kutokea nje hupanda juu zaidi, au hutokea ndani. Yakikauka, chumvi inabaki nyuma ya lipu na kuota fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma. Ndiyo maana lipu huvimba kwa mapande, na pande likianguka huondoka na ngozi ya jiwe. Ukiongeza dawa ya kuzuia maji, unyevu utatoka kifuani uende kwenye vizingiti vya madirisha. Wavu wa waya nao, kwa hewa ya bahari, utashika kutu na kupasua hiyo lipu mpya.

Kabla ya kushika mwiko, zungukeni jengo mvua ikinyesha, mtazame maji yanaenda wapi. Mifereji ya paa imeziba? Bomba la kushushia maji linamwaga kwenye msingi? Bomba la kiyoyozi linadondoshea ukutani? (Hili la kiyoyozi hakuna anayelitazama, na linadondoka saa zote za ibada.) Bustani ya maua inamwagiliwa mguuni mwa ukuta? Halafu pimeni usawa wa nje na wa sakafu. Makanisa ya mjini yamewekewa pevingi juu ya pevingi mpaka nje kumekuwa juu kuliko ndani. Shusheni ardhi ya nje iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu. Ondoeni zege lililobana ukuta, wekeni kokoto upana wa sentimita 40 zenye mteremko wa kutoa maji. Msichimbe chini ya msingi.

Msipofanya hayo, hata chokaa bora itaanguka.

FundiMwiko

Naongezea upande wa kazi yenyewe.

Kubandua: nyundo na patasi, si mashine ya kuvunjia zege. Jaribuni kwanza mita moja ya mraba. Anzeni na inayolia tupu. Penye saruji iliyong'ang'ania kiasi cha kung'oa jiwe, iacheni kwa sasa. Chumvi ikitokeza, isafisheni kwa brashi kavu na kuizoa. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ukutani.

Chokaa: mkipata chokaa mbichi ya tanuu, itieni ndani ya maji. Kamwe msimwage maji juu ya chokaa: inachemka, inaruka, inaunguza macho. Miwani na glavu ni lazima. Ichujeni, ifunikeni kwa maji kimo cha vidole vitatu, ikae miezi mitatu au zaidi mpaka iwe laini kama siagi. Mkikosa, chokaa ya mfuko ya kujengea inafaa, iloweshwe wiki mbili. Ila mfuko wa siku nyingi huwa umeshanyonya hewa na kufa. Kamulieni ndimu juu ya unga kidogo: ukitoa povu jingi, umekufa. Na unga wa kuchorea mistari uwanjani si wa kazi hii, hata kama dukani wanauita chokaa.

Mchanga: wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo, uliooshwa. Wa bahari hapana. Jazeni theluthi ya chupa mchanga, ongezeni maji, tikiseni, iacheni usiku kucha. Tope la juu likiwa nene kuliko asilimia 6 hivi ya mchanga, osheni tena.

Vipimo: chokaa iliyolowa 1, mchanga 3, kwa ndoo. Koti (tabaka la lipu) la mwisho 1 kwa 2, mchanga uliochekechwa. Maji msiongeze ovyo. Pondeni na kukanda mpaka ulainike, maana lipu yenye maji mengi hupasuka ikikauka. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya matumbawe na mchanganyiko huo huo wa chokaa. Kisha koti la kwanza milimita 10, likwaruzwe. La pili 8. La mwisho 2 au 3. Kila koti lipewe wiki moja au zaidi. Ukuta ulowanishwe tangu jana yake, na kila koti lifunikwe kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Chokaa haikauki tu kama tope, inahitaji hewa na unyevu pamoja ili irudi kuwa jiwe. Jua la Februari likiipiga siku ya kwanza, mtaifuta kama unga kwa kidole.

Hesabu: mita za mraba 100 kwa unene wa sentimita 2 ni mita za ujazo 2. Mchanga ni mita 2 hizo hizo, kwa sababu chokaa inaingia kwenye nafasi za mchanga. Chokaa ni lita 670 hivi, ndoo 34 za lita 20. Andaeni 40, yaani mapipa manne ya lita 200.

Zege_Imara

Chokaa tupu ni laini mno kwa jengo la mjini. Kwa nini wasiweke 1:1:6 (saruji 1, chokaa 1, mchanga 6), saruji kidogo tu?

FundiMwiko

@Zege_Imara ulaini ndio unaotakiwa. Lipu iwe dhaifu kuliko jiwe, ili ikibidi kufa ife lipu. Kwa tofali la saruji 1:1:6 ni sawa, kwa matumbawe bado ni ngumu. Ukitaka ishike mapema, weka nusu sehemu ya vumbi la tofali lililochomwa kwa moto mdogo, lililochekechwa. Waashi wamefanya hivyo tangu kale.

Tao_na_Mnara

Msisahau madirisha. Azania Front, kanisa la Kilutheri hapo Dar lililojengwa kati ya 1898 na 1902, ina vijipaa vya vigae juu ya madirisha. Wengi huviona pambo, lakini vinatia kivuli na kumwaga mvua mbali na ukuta. Vigae vyake vikipasuka, maji yanaingia kichwani mwa dirisha na doa linatokea ndani, mbali na chanzo. Mtindo wa Kigothi kama wa kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, Dar (1897 hadi 1902) una mabega (nguzo za kuegemeza ukuta) na pembe nyingi, na kila bega ni mahali pa maji kutuama. Kagueni huko juu kabla ya masika.

Vioo vya rangi: fito za chuma zilizochomekwa kwenye jiwe zikishika kutu hunenepa na kupasua kingo za dirisha. Kujaza ufa kwa saruji ni kazi bure. Fito itolewe, iwekwe ya chuma cha pua au shaba. Na mkifunika vioo kwa plastiki ngumu kwa nje, acheni nafasi ya hewa juu na chini, la sivyo joto linakusanyika na madini ya risasi yanayoshika vioo yanalegea na kupinda.

Kabla ya yote, pigeni picha kila ukuta na muwaandikie Idara ya Mambo ya Kale. Jengo likiwa kwenye orodha ya ulinzi, hata kubandua lipu kunataka kibali.

Kamati_Ujenzi

Shukrani sana. Rangi ya mwisho je? Na ndani tupake lini? Waumini wanataka Krismasi hii.

KutaNene

Nje ni neru: chokaa na maji, nyepesi kama maziwa, makoti matano, siku moja kati ya koti na koti, ukuta ukiwa na unyevu. Mafundi wengi hutia chumvi ili isipukutike. Kwenu marufuku, chumvi mnayo ya kutosha.

Ndani, ondoeni rangi ya mafuta kimo cha mita mbili na muache ukuta uchi. Mafundi huhesabu inchi moja ya ukuta kwa mwezi, kwa hiyo nusu mita inayokauka pande zote mbili ni kama miezi kumi, mkiwa mmeshazuia maji. Kwa Krismasi pakeni neru sehemu ya juu tu. Chini wekeni mabenchi, yakae sentimita 30 kutoka ukutani ili hewa ipite.