Mjadala: Anayesema nchi itashindwa kesi ni msaliti?

Wadau wa Kusini, naomba hili tulijadili bila matusi, maana hapa Nachingwea bado limetugawa. Kesi ya nikeli ya Ntaka Hill iliisha kwa maelewano Julai 2024, Tanzania ikakubali kulipa dola milioni 90. Lakini hadi leo kuna watu kijiweni hawasalimiani vizuri. Aliyesema serikali itashindwa aliitwa msaliti, na aliyesema itashinda akaitwa chawa.

Msimamo wangu ni huu: kubashiri hukumu si kuchagua upande.

Kwa ambao hawakuifuatilia, kampuni ya Indiana Resources ya Australia, kupitia kampuni zake tanzu, ilikuwa na leseni hodhi ya Ntaka Hill, wilayani kwetu, yaani leseni ya kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kuyachimba. Sheria ya Madini ikarekebishwa 2017, na kanuni za Januari 2018 zikafuta leseni hodhi zote nchini. Mwaka 2020 shauri likafunguliwa kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Julai 2023 wadai, yaani kampuni hizo tanzu, wakapewa tuzo, yaani hukumu ya fidia, ya zaidi ya dola milioni 109. Serikali ikaomba tuzo hiyo ibatilishwe, baadaye wakakaa mezani, ndipo ikaja hiyo 90, kwa awamu.

Sasa kumbukeni tulivyobishana. Wengine walisema, "Madini ni yetu, tutashindwaje?" Wale waliowahi kufanya kibarua kwenye uchorongaji, wakibeba masanduku ya sampuli za miamba, walisema kampuni itashinda kwa sababu ilikuwa inalipa vizuri. Katika hoja hizo mbili hakuna ambayo msuluhishi angeiuliza. Yeye anafungua mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza, wa mwaka 1994, anatazama unasemaje kuhusu kumnyang'anya mwekezaji mali yake bila fidia. Uingereza imeingiaje? Mmoja wa wadai ni kampuni yenye jina la Nachingwea U.K. Limited. Jina la wilaya yetu lilikuwa upande wa mdai, na wengi wetu hatukuwa na habari! Aliyeusoma mkataba ule akasema "tutashindwa" hakuwa anatuombea mabaya.

Mdau mmoja wa Masasi ameniambia kwamba penye maslahi ya nchi lazima mtu asimame na nchi yake, hata kwenye ubashiri. Namheshimu, lakini ugonjwa huu tunao hata pasipo na nchi yetu. Nendeni kwa mafundi simu wa Mtwara mjini mtaje Apple na Samsung muone watu wanavyopandisha sauti. Julai 2012 jaji wa London alisema tableti za Samsung hazikuiga muundo wa iPad. Agosti 24 jopo la raia huko San Jose, California, likaipa Apple zaidi ya dola bilioni 1. Tarehe hiyohiyo mahakama ya Seoul ikasema kila mmoja amekiuka hataza (haki za uvumbuzi) za mwenzake, na wiki moja baadaye Tokyo ikaipa ushindi Samsung. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote nane kwa kauli moja, ikairudisha chini hoja ya fidia. Mei 2018 jopo jingine likasema dola milioni 539, na Juni wakaelewana kwa masharti ya siri. Miaka hiyo yote Samsung iliendelea kuiuzia Apple vipuri vya iPhone. Wenyewe wanafanya biashara, mashabiki wao wananuniana.

Kwa hiyo mtu akibashiri, mimi namuuliza baraza lipi, kifungu gani, na kesi iko hatua gani. Hanijibu, basi ametueleza mapenzi yake tu.

Kinachoniuma zaidi ni mwaka 2017. Muswada ule ulipita bungeni kwa hati ya dharura. Muda wa kusoma na kuonya ulikuwa mfupi, na wachache waliothubutu kuonya tuliwabandika majina. Ningefurahi kuambiwa mapema kwamba kufuta leseni kwa namna ile kuna gharama, hata kama aliyeniambia namwona ana mapenzi na wazungu. Onyo halibadiliki ukweli wake kwa sababu ya mdomo uliolitoa.

Na halijaisha. Likong'o, pale Lindi, kuna mradi wa gesi asilia iliyosindikwa ambao serikali imekuwa ikizungumza na Equinor na Shell. Mkataba ukija, kifungu cha kutatua migogoro kitakuwemo. Mtu wetu atakisoma, aseme, "Hapa tukikosea tutashtakiwa nje, na tutalipa." Mnaosema anyamaze kwa ajili ya uzalendo, njooni mnieleze ni nani mwingine atakayetuambia kabla wino haujakauka.