Wakodishaji wa RV (yale magari makubwa ya kulala ndani) wametuharibia safari ya Smokies, halafu wanaiita "apgredi"!!

Wakuu habari za usiku, naandika huku damu inachemka so mnisamehe nikirukaruka.

Niko Columbus, Ohio. Tangu mwezi wa nne napanga kuipeleka familia Great Smoky Mountains, pale Tennessee inapopakana na North Carolina, katikati ya Oktoba majani yakiwa yamegeuka mekundu na ya njano. Mliowahi kwenda mnajua, ile hifadhi inaingiza watu zaidi ya milioni 12 kwa mwaka na kiingilio hakuna, unalipia tu stika ya kupaki, sasa Oktoba pale ni Kariakoo mkesha wa Idi. Viwanja vya kambi vinafunguliwa mtandaoni miezi sita kabla, basi siku hiyo nimekaa na laptop kama mtu anasubiri matokeo ya form four, nikapata kambi ya Elkmont kwa usiku tatu, dola 30 kila usiku. Nilishangilia mpaka mtoto akaamka.

Sasa sikilizeni. Elkmont RV haitakiwi kuzidi futi 35, na kila kiwanja kina kipimo chake, changu mwisho futi 30. Ndo maana nikakodi ya futi 28, na yule dada wa kwenye simu nilimwambia mara mbili, dada angu futi ndo kila kitu hapa, akajibu usiwe na wasi nimeandika. Nikatoa dipoziti dola 500. Jana, zimebaki siku TISA, inaingia imeili: hongera, gari ulilochagua lina hitilafu, tumekufanyia apgredi ya bure, utapewa la futi 36!!!

Hongera ya nini jamani??

Nimepiga simu, dakika 50 nasikilizishwa muziki, anapokea kijana ananiambia kwenye mkataba imeandikwa "gari hilo au linalofanana nalo". Linalofanana wapi, futi nane zimezidi, ni sawa na kumwambia mtu Noah na Coaster zinafanana kwa kuwa zote zina matairi. Namuuliza nikalilaze wapi, anasema sisi hatuhusiki na sehemu ya kulala. Haya basi nirudishie hela yangu, anasema ukikansel ndani ya siku 30 dipoziti inaliwa. Yaani mimi nikibadilisha ni kosa, wao wakibadilisha ni zawadi.

Na hiyo "bure" yenyewe njooni tuipigie hesabu. Wanakupa maili 100 kwa siku, mimi siku nne nina 400, kwenda tu ni karibu 400 na kurudi hivyo hivyo, zinazozidi ni senti 45 kila maili, hapo tayari 180. Bado jenereta wanachaji kwa saa, na Elkmont hakuna umeme wa kuchomeka wala maji ya kuunga, jenereta ndo tegemeo na hifadhi inaruhusu kuwasha saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku basi. Hilo la hifadhi sina ugomvi nalo, watu wamefuata kimya cha msituni. Ila futi 36 linakunywa mafuta kuliko 28 na mafuta nanunua mimi, hakuna aliyenipa apgredi ya mafuta.

Cades Cove, kambi nyingine ya humo humo hifadhini, wanapokea RV mpaka futi 40, nimeingia kuangalia, pamejaa, Oktoba utategemea nini. Nje ya hifadhi huko Pigeon Forge niliopata wanataka dola 110 kwa usiku na lazima ulipie tatu, halafu unalala umepangwa na watu kama daladala stendi. Si ningebaki Columbus nikalala kwenye parking ya kanisa.

Shemeji yangu naye badala ya kunisaidia anaandika kwenye group la familia "si tupite tu na hilo hilo Roaring Fork tuone maporomoko", ile barabara RV zimekatazwa kabisa, nimemtumia picha ya tangazo kaweka emoji ya kucheka. Na mchango wake hajatoa mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni mama mkwe. Ametoka Moshi mwezi uliopita, nilimwonyesha picha ya Kuwohi, kilele cha juu kabisa kule, futi 6,643, akauliza kwa upole "baba, hiki ndo mnakiita mlima?" lakini majani aliyapenda, anataka kuyaona.

Sasa naomba wenye uzoefu, kuna aliyewahi kwenda benki kupinga malipo ya kadi kwa mtindo huu akashinda? Au kuna mdau karibu na Knoxville anajua anayekodisha ndogo, chini ya futi 30, tarehe hizo? Msiniambie niweke hema, mama mkwe ana miaka 68 na dubu kule wanazunguka mpaka kambini.

Kesho saa tatu asubuhi nawapigia tena. Mama mkwe ameshaloweka maharage ya safari, sijui hata nianze wapi kumwambia.