Mrejesho: udaktari Marekani na kozi ya kusomea

Wapendwa, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama binti yangu, anayemaliza sekondari hapa Texas na anautaka udaktari, ni lazima aombe vyuo kwa kozi ya baiolojia. Asanteni sana mliojibu, mmetuondolea mzigo mkubwa.

Si lazima. Udaktari hapa husomwa baada ya shahada ya kwanza, ya fani yoyote. Shule za tiba zinaangalia alama, mtihani wa MCAT (wa kuingilia shule hizo) na masomo ya msingi: baiolojia, kemia pamoja na ile ya kaboni, fizikia, na mara nyingi baiokemia. Kwenye fomu za maombi, binti amechagua kozi ya historia, ndiyo anayoipenda kwa dhati. Insha yake ya maombi inamhusu bibi yake aliyekuwa mkunga Tanga. Ukiisoma unamsikia yeye mwenyewe, si mshauri.

Ameomba Chuo Kikuu cha Brown mapema, kwa ule utaratibu wa kujifunga: ukikubaliwa, unakwenda. Kwa hiyo tulianza na kikokotoo cha ada kwenye tovuti ya chuo, kinachokadiria familia italipa kiasi gani. Wazazi wenzangu, nawasihi msiliruke hilo. Majibu ni katikati ya Desemba.