Vijisenti vya mtandaoni: ni kazi au si kazi?

pwani_tulivu

Hamjambo wadau. Tulinyooshe jambo hili, maana kila anayeulizwa hujibu lake. Mtu yuko Kenya, hana mwajiri. Kwa mwezi hupata kati ya dola 30 na 60 mtandaoni: kunukuu sauti, kuweka lebo kwenye picha za kufunzia kompyuta, na mara mojamoja picha zake mbili tatu hununuliwa kwenye tovuti za kuuza picha. Pesa huingia PayPal, kutoka hapo M-Pesa.

Sasa ana fomu ya mkopo wa sacco mbele yake. Mstari mmoja unauliza "Kazi", wa pili "Jina la mwajiri". Aandike nini? Na kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, aendelee kutuma ritani (taarifa ya mapato ya mwaka) ya sufuri kama wafanyavyo wenzake, au hizo dola zinahesabiwa?

chuma_kidogo

Si kazi hiyo, ni kijungujiko. Kazi ni ile inayokulipia kodi ya nyumba. Aandike "sina kazi" asonge mbele.

hesabu_kwanza

@chuma_kidogo, kijungujiko nacho huchemsha, na mtoza ushuru haulizi chungu ni kikubwa kiasi gani. Nianze na KRA kwa kuwa hapo ndipo kosa lina gharama.

Ritani ya sufuri ni tamko kwamba kwa mwaka mzima hukupata chochote. Aliyepata dola 30 akituma sufuri ametoa tamko la uongo, hata kama hakudaiwa shilingi. Wala asijitetee kwamba mlipaji yuko Marekani. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, mkazi anayefanya biashara yake nusu hapa nusu nje, faida yote huhesabiwa kuwa imepatikana Kenya. Na hapa kazi yenyewe inafanyiwa mezani kwake.

Kinachowatisha watu ni kodi, na kwa kiasi hiki kodi haipo. Piga hesabu ya mwaka wa mapato 2024: kiwango cha kwanza ni asilimia 10 hadi shilingi 288,000 kwa mwaka, yaani kodi 28,800. Nafuu ya mtu binafsi ni 2,400 kwa mwezi, mara kumi na mbili ni 28,800. Zinafutana. Mtu asiye na kipato kingine, faida yake ikiwa chini ya 288,000, halipi kitu. Anachotakiwa ni kujaza ritani kamili ya mtu binafsi kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia 30 Juni, mapato yake ayaweke upande wa biashara, si upande wa ajira. Akichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Kwa asiyedaiwa kodi ni 2,000, ambayo kwake yeye ni karibu theluthi ya mapato ya mwezi.

Ile TOT, kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3, si yake. Hiyo huanza mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka.

Anayeumia kweli ni mwenye mshahara ambaye hizi ni za pembeni. Nafuu yake imeshatumika kwenye mshahara. Mwenye mshahara wa 40,000 tayari yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, kwa hiyo akipata faida ya 6,000 kwa mwezi mtandaoni anadaiwa 21,600 kwa mwaka. Tena salio hilo hulipwa kufikia 30 Aprili. Ritani ndiyo ya Juni. Wengi huzichanganya tarehe hizi mbili, wakaja kukuta riba imeshaanza kuhesabiwa.

Akilipwa na kampuni iliyoko Kenya kwa maudhui ya mtandaoni, hukatwa asilimia 5 juu kwa juu, tangu Julai 2023. Adai cheti cha makato. Bila cheti hicho hawezi kuitoa kwenye hesabu ya mwisho.

saa_na_senti

Naongeza upande wa hesabu, kwa sababu watu hubishana "ni kazi, si kazi" bila kujua wanalipwa ngapi kwa saa.

Chukua mwezi wa dola 48. Kwa shilingi 129 kwa dola ni 6,192. Saa zilizolipwa ziwe 44. Mtu atakwambia analipwa 141 kwa saa, na hapo ndipo anapojidanganya. PayPal haibadilishi kwa bei ya soko. Akipewa 124, zinazofika M-Pesa ni 5,952. Toa bando 1,200, toa umeme 300. Zimebaki 4,452. Halafu hesabu saa ambazo hakulipwa: kukaa akiangalia orodha ya kazi ikiwa tupu, mitihani ya kufuzu, kurudia faili iliyorudishwa, na kazi iliyokataliwa kabisa. Saa 24 kwa mwezi si nyingi kwa mambo hayo. Jumla saa 68. Gawanya: shilingi 65 na senti kadhaa.

Sasa linganisha. Kwa agizo la Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi ni 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Kwa wiki ya saa 52, hiyo ni kama 71.50 kwa saa. Kwa hiyo huyu yuko chini ya kima cha chini, na hakuna sheria inayomkinga, kwa kuwa kima cha chini humhusu mwajiriwa.

Dawa ya kwanza ni kuandika saa, na aziandike siku hiyohiyo. Daftari la safu tano linatosha: tarehe, aina ya kazi, dakika zilizolipwa, dakika zisizolipwa, kiasi. Baada ya wiki nne itaonekana wazi kazi ipi inakula muda. Katika unukuzi mara nyingi ni sauti yenye watu watatu wanaokatizana na feni inavuma nyuma. Malipo ni kwa dakika ya sauti, na dakika moja ya aina hiyo humeza dakika sita za kuandika au zaidi. Asikilize sekunde thelathini katikati ya faili kabla ya kuipokea. Mwanzo huwa safi siku zote.

mwanatakwimu_dar

Mkuu @chuma_kidogo, kwa wanatakwimu huyo tayari ana ajira. Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, Geneva 2013, uliweka kipimo: aliyefanya angalau saa moja katika wiki inayoulizwa, kwa ujira au kwa faida, yumo kwenye ajira. Saa moja tu. Mkutano huohuo ukatenganisha kazi na ajira. Anayehariri Wikipedia bure anafanya kazi, ila ni ya kujitolea. Anayelima mchicha wa kula nyumbani anafanya kazi, ila si ajira.

Kipimo hicho kiliwekwa ili nchi zilinganishwe. Hakisemi mtu anaishi vipi. Huku Tanzania utafiti wa nguvukazi hutoa namba mbili. Moja ni ya kimataifa. Ya pili ni ya kitaifa, ambayo humweka upande wa wasio na ajira hata yule mwenye kibarua cha kubahatisha ambaye wiki ile hakufanya na hajui kama kitarudi. Mtu wa dola 48, wiki ambayo orodha ilikuwa tupu, angeweza kuangukia upande wowote kulingana na namba unayosoma.

Na neno letu la zamani linamfaa kuliko haya mapya. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha amefanya siku yake. Huyu naye analipwa kwa vikaratasi, basi tu viko kwenye skrini.

mizani_ya_sheria

Kibarua kwa maana ya lugha sawa, kwa maana ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hapana. Kibarua wa kifungu cha 37, akifanya siku mfululizo zinazofikia mwezi, mkataba wake hugeuka na haki huanza kumpata. Lakini lazima awe mwajiriwa kwanza, yaani awe na mkataba wa utumishi. Tovuti hizi humwandika kama mkandarasi wa kujitegemea. Maandishi peke yake hayamfungi hakimu: huangalia nani anapanga saa, nani anatoa vifaa, kama mtu anaweza kukataa kazi bila kuadhibiwa. Anayetumia kompyuta yake, saa apendazo, kwa tovuti tatu tofauti, kesi yake ni nyepesi mno.

Msimchanganye na wale wachujaji wa maudhui walioishtaki Meta, kampuni ya Facebook, hapa Nairobi, ambao Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliruhusu kesi zao kuendelea. Wale walikuwa na mikataba ya ajira, ofisi na wasimamizi.

Kutokuwa na mwajiri kuna maana moja ya pesa: SHIF, ile bima ya afya ya jamii, anajilipia mwenyewe. Ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya kama kitakavyopimwa, na mchango haushuki chini ya 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwa uchache. Aitenge mapema.

pwani_tulivu

Ahsanteni sana. Limebaki swali la picha: tovuti inataka fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Na kuna anayemshawishi akodi akaunti ya mtu aliye Marekani, eti kazi huko ni nyingi.

hesabu_kwanza

W-8BEN aijaze, haina ujanja. Ni ya kuonyesha kwamba si mkazi wala raia wa Marekani. Nchi aandike Kenya, namba ya kodi ya nchi yake aweke PIN ya KRA, sehemu ya mkataba wa kodi aiache tupu: Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Malipo ya picha ni mrabaha, hivyo yale yanayohesabiwa kuwa yametoka kwa wanunuzi wa Marekani hukatwa asilimia 30. Malipo ya unukuzi ni ya huduma iliyofanyika Kenya, kwa hiyo hayo hayakatwi. Asipoijaza, tovuti inaweza kuzuia malipo yote. Aliyesaini 2025 fomu yake hufa 31 Desemba 2028, na barua ya kukumbusha huingia kwenye taka za barua pepe.

Kwenye daftari aandike kiasi kabla ya makato na kilichokatwa, vyote viwili. Kumbukumbu azitunze miaka mitano.

Akaunti ya kukodi aiache. Siku tovuti ikiomba picha ya kitambulisho na uso, akaunti hufungwa na salio hubaki humo. Hata isipofungwa, pesa huingia kwa jina la mwingine. Zikifika kwake ni kama ametumiwa na rafiki, na hana cha kuonyesha sacco wala KRA.

karani_mstaafu

Nimalizie na fomu, hilo ndilo lililoulizwa. Mstari wa "Kazi" aandike "Amejiajiri: unukuzi wa sauti na uwekaji lebo wa picha". Mstari wa "Mwajiri" aandike "Hakuna (amejiajiri)". Asithubutu kuandika jina la tovuti. Afisa wa mikopo hutafuta namba ya simu ya mwajiri, anapiga, hakuna anayemjua mtu huyo, na fomu hutiwa alama ya udanganyifu ilhali hakukuwa na udanganyifu wowote.

Mstari wa mapato asichague mwezi mnono. Ajumlishe miezi sita ya mwisho agawanye kwa sita, kwa shilingi zilizofika, si dola zilizoonekana kwenye skrini. Aambatishe taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo sita, taarifa ya PayPal ya tarehe zilezile, na risiti ya ritani ya KRA. Jina liwe lilelile kwenye zote. "Mohamed" kwenye kitambulisho na "Muhammad" kwenye PayPal hurudisha faili nyuma wiki mbili.

chuma_kidogo

Basi na mimi narudi kujaza ritani upya. Kuna faini kusahihisha ya mwaka jana?

hesabu_kwanza

Ukiisahihisha mwenyewe kabla hawajakuandikia, na kodi yenyewe ni sufuri, hakuna cha kukutoza. Ingia iTax, sehemu ya ritani iliyorekebishwa, chagua mwaka uleule. Ila mkuu, wewe si ulisema huna kazi?