MREJESHO: Kujitolea kutunza msitu Kigoma

Wakuu, niliuliza mtu asiye na cheti cha misitu ataanzia wapi kujitolea kutunza misitu huku Kigoma Vijijini. Wengi mlinielekeza Gombe, lakini ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ina askari na taratibu zake. Aliyesema nimwone mtendaji wa kijiji ndiye aliyepatia, ubarikiwe sana.

Mtendaji alinikabidhi kwa kamati ya maliasili, nao wakanikabidhi fyekeo. Kiangazi hiki kazi kubwa ni barabara ya moto: tunafyeka nyasi, tunakwangua mpaka udongo mwekundu uonekane, moto ukifika hapo ukose cha kula. Visiki vya mininga vyenye machipukizi hatuvigusi. Misitu hii ya miombo ikipumzishwa hujirudisha yenyewe, ingawa sisi kwa kupanda miche ya kupigia picha hatujambo!

Sokwe bado sijamwona. Kiota nimeonyeshwa, matawi yamekunjwa juu kabisa. Kila jioni hutengeneza kipya.

Posho hakuna, ugali na dagaa vipo. Anayetaka kuja abebe buti, na kama ana mzinga wa nyuki aulete, kamati inaruhusu kutundika.