QT na kujisomea, TEWW, au tuisheni ya jioni? Nataka cheti cha kidato cha nne

dadawasaluni
Wakuu, habari za jioni. Nataka cheti cha kidato cha nne, sekondari sikumaliza. Naona njia tatu. Nijisomee nyumbani, nifanye QT (Qualifying Test, ule mtihani wa maarifa), nikifaulu niende kwenye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Au nijiunge na TEWW, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Au kuna kituo cha tuisheni hapa mtaani kinafundisha jioni, wenyewe wanasema hata usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, wanakufanyia. Ipi bora? Usajili wa kawaida unafungwa mwisho wa mwezi huu wa pili, baada ya hapo ni faini. Matusi hapana jamani.

Kiroboto
Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

Ticha wa Usiku
Dada, swali lako halina nyama. Uliishia darasa la ngapi? Uliwahi kukaa kwenye mtihani wa kidato cha nne? Maana aliyewahi kukaa, hata kama alitoka na ziro, QT haimhusu, anarudia kwa namba yake ya zamani. Cheti unakitakia nini? Uko wapi, na kwa siku unapata saa ngapi za kushika daftari? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Nyundo Moja
Achana na hivyo vyote, nenda VETA. Miaka miwili unahangaika na Civics na historia ya Mfecane, ili iweje? VETA unatoka na ufundi mkononi. Mimi darasa la saba, nachomelea mageti, na wenye vyeti vyao wananipigia simu kuomba kazi.

dadawasaluni
@Ticha wa Usiku niko Chanika, Dar. Nina saluni ndogo, nafunga saa mbili usiku, kwa hiyo kuanzia saa tatu naweza kusoma. Niliishia kidato cha kwanza. Cheti nataka tu kiwepo.
@Nyundo Moja ufundi ninao kaka, ndiyo nimesema nina saluni.

Ticha wa Usiku
"Kiwepo" si jibu, lakini tutarudi hapo. Kama uliishia cha kwanza, QT huikwepi. QT ni kipimo cha kiwango cha kidato cha pili. Unaifanya mwezi wa 11, matokeo yanatoka Januari, ukifaulu unajisajili haraka kwa mtihani wa nne wa mwezi wa 11 unaofuata. Kwa hiyo ukianza mwaka huu, cheti unakipata mwaka kesho kutwa mwanzoni. Anayekwambia "miezi sita unamaliza" anakuibia.

Mwanakwetu77
TEWW dada, bila kufikiria mara mbili. Ile ni taasisi ya serikali, haiwezi kuhama usiku na ubao wake. Wao wanaita hatua ya kwanza na hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, mwisho wa mwaka unakaa QT. Hatua ya pili ni cha tatu na cha nne, nayo mwaka mmoja. Unapata moduli za kusomea, unapata mwalimu, unapata wenzio. Makao makuu yapo mjini Barabara ya Bibi Titi, lakini usitishwe na foleni, madarasa yapo vituo mbalimbali. Kawaulize cha karibu na Chanika ni kipi.

Fundi Bomba
Moduli za nini? Mimi nilijifungia chumbani Mbagala na mitihani ya miaka kumi iliyopita nikaimaliza yote, swali kwa swali. QT nilipita, cha nne nikapata C mbili na D nne. Nililipa ada ya mtihani tu, 30,000 ya QT halafu 50,000 ya cha nne. Hela ya tuisheni nikanunulia mashine ya kukatia mabomba.

Mwanakwetu77
Wewe ulikuwa huna watoto wala wateja wa kusuka. Usimpime mtu kwa kipimo chako.

Fundi Bomba
Watoto ninao wanne. Kipimo changu ni saa kumi alfajiri, kila siku, pamoja na Jumapili.

Bi Tausi
Kingereza je? Hakuna anayesema hapa. Huyu dada shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari alikaa miezi michache. Maswali karibu yote ni kwa Kingereza, ukiacha somo la Kiswahili lenyewe. Mdogo wangu alijisomea Baiolojia mwaka mzima, anaijua, ukimuuliza kwa Kiswahili anakueleza figo inavyochuja damu mpaka unaiona. Kwenye mtihani alikwama kwenye neno "outline". Alidhani anaambiwa achore.

Ticha wa Usiku
Bi Tausi kagusa penyewe. Nafundisha jioni mwaka wa tisa huu. Wanaoanguka QT wengi wao si wajinga hata kidogo, swali ndilo hawalielewi. Asiyekuwa na Kingereza asijifungie peke yake kama Fundi Bomba.

Kapteni Dagaa
Ngoja niseme kuhusu hicho kituo kinachosema "usajili tutakufanyia".

2017 nilikuwa Mwanza, asubuhi nabeba mizigo mwaloni, jioni nasoma. Kituo kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ubao mmoja na mabenchi marefu kama ya kanisani. Mwenye kituo ni mtu wa maneno matamu, anavaa tai hata kwenye jua la saa nane. Januari akatuambia, "Ninyi someni, habari za mtandao niachieni mimi." Tukampa 85,000 kila mmoja, tulikuwa kumi na wanne. Risiti akaandika kwa mkono, mhuri wa zambarau umekolea wino mpaka unachafua vidole.

Mwezi wa tano nikaulizia namba yangu ya mtihani. Akasema zinatoka Agosti. Agosti akasema mtandao uko chini. Oktoba mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, muuza uji, akachoka na hadithi, akaenda mwenyewe kwenye ile shule tuliyoambiwa ndiyo kituo chetu cha mtihani. Mkuu wa shule akamtolea orodha. Anasema alipitisha kidole jina kwa jina, juu mpaka chini, akageuza karatasi, akarudia. Hakuna hata mmoja wetu. Tuliporudi pale juu ya duka tukakuta ubao umeng'olewa, misumari imebaki ukutani.

Mimi nilishanunua kalamu nne na rula. Kalamu zile niliandikia madeni ya dagaa mpaka zikaisha wino.

Kwa hiyo tuisheni soma popote, lakini namba ya malipo ichukue mwenyewe, lipa kwa simu yako, taarifa zako zijaze mwenyewe, na uchapishe karatasi uone jina lako limeandikwa sawasawa. Hata herufi moja ya jina ikikosewa utakuja kulia chuoni.

Kiroboto
Misumari imebaki ukutani 😂😂 pole sana Kapteni.

Mzee wa Vyeti
Niulize jambo. Hicho cheti cha kujitegemea waajiri si wanakikataa? Namba inaanza na P badala ya S, wanajua moja kwa moja huyu hakukaa darasani.

Ticha wa Usiku
Hayo maneno ya vijiweni. Baraza ni lilelile, mtihani ni uleule, siku ileile, saa ileile. P ni kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, S ni shule, basi. Tena wa P anapambana zaidi, hana alama za maendeleo za shuleni za kumbeba, anategemea ule mtihani tu.

Mzee wa Vyeti
Mimi nimeona kwa macho yangu mtu kanyimwa kazi.

Ticha wa Usiku
Kwa sababu ya P, au kwa sababu alikuwa na D mbili?

Mzee wa Vyeti
Tuendelee na mada.

Jogoo la Shamba
Dada hujasema, kidato cha kwanza uliacha kwa nini? Mimba? Semeni ukweli wadogo zetu wajifunze.

Bi Tausi
Amesema matusi hapana. Na lako ni tusi hata ukilifunga kanga.

dadawasaluni
Sina cha kuficha. Ndiyo, ilikuwa mimba, 2009, mwezi wa tisa. Walitupanga mstari tukapimwa, mimi na mwenzangu mmoja tukaambiwa tusirudi kesho. Aliyenipa mimba aliendelea na masomo, alikuwa cha tatu. Mwanangu sasa yuko kidato cha pili. Usiku akilala nafungua madaftari yake. Baiolojia naielewa kuliko yeye, juzi nimemsahihishia mchoro wa moyo, alikuwa amebadilisha kushoto na kulia.

Mwanakwetu77
Pole na hongera kwa pamoja. Ungekuwa wa sasa ungerudi darasani, tangu Novemba 2021 Profesa Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu serikali ilisharuhusu wanaojifungua warudi. Na TEWW wana mpango mwingine wa bure kwa mabinti walioacha shule, ila ule umelengwa kwa mabinti wadogo. Wewe ulizia wa kawaida.

Jogoo la Shamba
Mimi nimeuliza tu.

Ticha wa Usiku
Mama na mtoto mwezi wa 11 mmoja! Yeye anafanya upimaji wa kidato cha pili, wewe QT. Haya, turudi kwenye "kiwepo". Mtu anayesahihisha mchoro wa moyo saa tano usiku hatafuti cheti cha kutundika saluni. Unataka nini?

dadawasaluni
Nataka uuguzi. Msinicheke.

Ticha wa Usiku
Hakuna wa kukucheka, ila ungesema tangu mwanzo tusingepoteza kurasa. Astashahada ya uuguzi wanataka ufaulu usiopungua masomo manne, dini haihesabiwi, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D inatosha kuingia kwenye mlango, ingawa ushindani ni habari nyingine. Hapo sasa ulinganisho wako umegeuka wote. Swali la TEWW au tuisheni linakuja nyuma ya swali la nani ana maabara. Sayansi zina mtihani wa vitendo. Hujawahi kushika bureti, lile bomba la kioo la maabara, maishani mwako, utaishikia wapi? Ukiulizia kituo chochote, swali la kwanza liwe hilo, na usikubali jibu la "tutaona".

Fundi Bomba
Hapo nakubali. Mimi nilichukua masomo ya sanaa. Kemia ya chumbani utaunguza nyumba.

Nyundo Moja
Na Hisabati? Ndiyo inayomaliza watu.

Ticha wa Usiku
Hisabati na Kingereza kwa uuguzi ni nyongeza nzuri, si kigingi. Lakini divisheni, yaani daraja la ufaulu, hupigwa kwa masomo saba yaliyo bora, kwa hiyo usiitupe.

MtotoWaUjiji
Nawasoma kutoka Texas. Mimi nilikimbia shule Kigoma, huku nikafanya GED, mtihani unaosimama badala ya kumaliza sekondari. Ulianza 1942 kwa ajili ya wanajeshi walioacha shule kwenda vitani. Masomo ni manne tu: Hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo unahitaji 145, alama zinaanzia 100 mpaka 200. Uzuri wake hufanyi yote kwa mkupuo. Nilifanya sayansi mwezi wa tatu, nikapumzika, Hisabati nikaifanya Agosti baada ya kuanguka mara moja. Nyumbani ukiugua malaria wiki ile ya Novemba, mwaka umekwenda. Ubaya wake, unafanya kwa Kingereza au Kihispania, Kiswahili hakuna. Na kuna majimbo wanatumia mtihani mwingine wa aina hii, HiSET, kwa hiyo mwenye ndugu huku aulize jimbo lake kwanza.

Nyundo Moja
Kikokotoo wanaruhusu?

MtotoWaUjiji
Kipo kwenye skrini ya kompyuta. Maswali machache ya mwanzo ndiyo unafanya bila.

Fundi Bomba
Basi huo si mtihani. Sisi Hisabati ya cha nne kikokotoo marufuku, unapewa kitabu cha majedwali, unatafuta logi kwa kidole.

MtotoWaUjiji
Lini mara ya mwisho umetafuta logi kwenye bomba?

Fundi Bomba
Akili inanolewa, mkuu.

Mzee wa Vyeti
Watoto wa kikokotoo ndio wanaokosea chenji dukani. Juzi nimenunua sukari kilo moja na nusu, kijana katoa simu kupiga hesabu.

Bi Tausi
Chenji ulirudishiwa sawa?

Mzee wa Vyeti
Ilizidi mia mbili.

dadawasaluni
Nimerudi. Jumamosi nilifunga saluni mapema nikaenda vituo viwili. Cha mtaani nikamuuliza mwenye kituo kuhusu maabara, akanionyesha kabati lina chupa tatu na mfano wa fuvu. Kuhusu usajili akasema "tuachie sisi dada", nikamkumbuka Kapteni. Cha pili ni shule ya sekondari yenye maabara ya kweli, lakini masomo yao ya jioni yanaanza saa kumi, na mimi saa kumi ndiyo wateja wanamiminika. TEWW nimepiga simu, wamesema niende mwenyewe na cheti cha kuzaliwa. Changu kimebaki kwa shangazi Tukuyu. Leo tarehe 19.

Mwanakwetu77
Kitumwe kwa basi usiku huu, kesho unakiokota stendi. Usingoje faini.

Fundi Bomba
Jisajili QT mwenyewe sasa hivi, maabara utaitafuta mwakani.

Ticha wa Usiku
Na mimi naona hivyo, ila Kingereza anza leo, usiku huu.

Kapteni Dagaa
Hilo fuvu lilikuwa la plastiki au la mtu?

Kiroboto
@MtotoWaUjiji huko Texas madereva wa malori wanachukua bila hiyo GED? Nina leseni daraja E.