Mashabiki wa langalanga Dodoma mmenichosha, iheshimuni Le Mans!

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kwenye vichekesho, nina hasira kweli.

Nimenyamaza tangu Juni 2025. Wiki hii nafungua kundi letu la WhatsApp la wapenda langalanga (Formula 1) hapa Dodoma, nakuta walewale wanaoziita mbio za Le Mans, zile za saa 24 kule Ufaransa, "mbio za mabasi ya mikoani" wanarushiana klipu za Max Verstappen akishinda Nürburgring mwezi Septemba 2025. "Mwamba kaenda Ujerumani kawanyoosha!" Hivi mnajua mnachoshangilia? Zile ni mbio ndefu za saa nne, ndugu wa Le Mans, siyo langalanga. Gari moja, madereva wawili: anashuka Verstappen, anapanda Chris Lulham. Tena huyo bingwa wa dunia wa langalanga mara nne aliambiwa kwanza aendeshe Porsche iliyopunguzwa nguvu ndipo apewe kibali, kama mgeni mwingine yeyote, na akaendesha. Hakununa wala hakusema "mnanijua mimi?" Yeye anaziheshimu mbio ndefu. Wewe uliyekaa kwenye kiti cha plastiki Area D ndiye unayeona ni mabasi.

Sasa niyaseme ya Juni.

Jumapili tarehe 15 niliongea vizuri na mwenye baa, akakubali. Laptop yangu, bando langu, waya wangu. Le Mans ilikuwa inaisha saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, langalanga ya Kanada inaanza saa tatu usiku. Hakuna kilichogongana. Imebaki chini ya saa moja, mbio zimekaza, jamaa mmoja akainuka, akachomoa waya, akaweka marudio ya kupanga nafasi za kuanzia kule Montreal. MARUDIO! Ya jana yake! Kila mtu pale alishajua George Russell ndiye anaanza mbele. Nikauliza kulikoni, nikajibiwa, "Mzee, hayo magari yako yanazunguka tu tangu jana." Baa nzima ikacheka.

Mnajua nani alikuwa kwenye usukani wa ile Ferrari ya njano wakati waya unachomolewa? Robert Kubica. Kubica ambaye ushindi wake pekee kwenye langalanga aliupata Kanada, mwaka 2008. Mwaka 2011 akapata ajali ya rali Italia, mkono wa kulia nusura uondoke, madaktari wakauokoa. Mwaka 2019 akarudi langalanga na mkono uleule. Mwaka 2021 akaenda Le Mans, gari lao likiongoza LMP2, daraja la pili la magari pale, likazimika mzunguko wa mwisho, mwenzake Yifei Ye akiwa ndani. Mzunguko wa mwisho baada ya siku nzima, wakuu. Miaka minne baadaye hao hao wawili, pamoja na Phil Hanson, wakashinda mbio zote, na Kubica ndiye aliyelifikisha gari mwisho. Yaani mshindi wa Kanada anashinda Le Mans siku ya Kanada, na watu wanaojiita mashabiki wa langalanga hawaoni kwa sababu wanatazama marudio ya Kanada. Mimi nilimalizia kwenye simu, nimesimama nje karibu na mchoma mishikaki, kioo kimejaa vumbi.

Haya, tuseme ni mabasi. Mwaka 2010 Audi ilikwenda kilomita 5,410 ndani ya saa 24. Hapa hadi Dar, mara kumi na mbili, ukihesabu na muda wa kujaza mafuta, kubadilisha tairi na kupokezana usukani. Mbio za langalanga za Monaco ni kilomita 260, yaani umefika Morogoro basi. Na msiniambie hakuna ushindani: mwaka 2024 Ferrari iliishinda Toyota kwa sekunde 14, mwaka 2025 ikaishinda Porsche kwa sekunde 14 tena. Kuna mbio ngapi za langalanga za saa moja na nusu ambazo wa pili anaachwa zaidi ya hapo?

Na nyie wa upande wangu msianze kuchekelea. Kuna jamaa humu anapenda kusema dereva wa langalanga ni mtoto wa saa mbili, akiona usiku na mvua analia. Upuuzi. Nico Hülkenberg alienda Le Mans mara moja tu, 2015, akashinda. Kwenye langalanga huyohuyo alisubiri mpaka Silverstone, Uingereza, Julai 2025 ndipo akasimama jukwaani na tatu bora kwa mara ya kwanza, baada ya kuanza mbio zaidi ya 200. Sasa niambie wapi ni rahisi. Halafu Tom Kristensen, mwenye Le Mans tisa, hajawahi kuanza mbio hata moja za langalanga. Ni kazi mbili tofauti, na wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana Fernando Alonso, akiwa na mataji mawili ya langalanga kabatini, alikwenda Le Mans 2018 na 2019 akashinda zote. Ndiyo maana mpaka leo Graham Hill anatajwa peke yake: Monaco, Indianapolis ya Marekani na Le Mans, hakuna dereva mwingine aliyezipata zote tatu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dharau hii inatoka kwetu Afrika Mashariki. Safari Rally ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta alishinda mara tano, Joginder Singh mara tatu, na mwenye kasi sana mara nyingi aliishia kwenye tope au kwenye korongo. Wazee waliosimama barabarani kuwasubiri walikuwa wanashangilia gari lililofika. Sisi tumeijulia wapi hii ya kumcheka anayekesha?

FIA, wale wakubwa wa mbio za magari duniani, nao nina neno nao. Ubingwa wa langalanga ni wao, ubingwa wa dunia wa mbio ndefu ni wao pia, halafu mwaka 2016 wakaweka langalanga ya Baku na Le Mans wikiendi moja, Hülkenberg akashindwa kwenda kutetea ushindi wake. Kalenda ya 2026 wamerudia: Le Mans inaisha Jumapili 14 Juni, na langalanga ya Barcelona ni siku hiyohiyo. Safari hii mgongano utakuwepo kweli, na najua waya wa nani utachomolewa.

Mwenye kujua sehemu yenye luninga mbili hapa mjini, iwe Kisasa, Nkuhungu au hata Ihumwa, aniwekee hapa. Bando nalipa mimi. Povu ruksa.